Naomba ushauri: opereseni ya kupunguza tumbo la chakula, mliofanyiwa mko salama?

Habari zenu wapendwa. Mi ni dada wa miaka 36, niko Dar, urefu sentimita 160 kilo 118, presha ninayo na sukari imeanza kunichungulia. Dayati nimefanya mpaka nimechoka, napunguza kilo 8 narudisha 10.

Sasa daktari kaniambia kwa BMI yangu ya 46 (kipimo cha uzito ukilinganisha na urefu) nafaa kufanyiwa opereseni, wanakata kama robo tatu ya tumbo la chakula kinabaki kitu kama ndizi, na ikishakatwa ndo basi hairudi. Hatari zake kanieleza bila kuficha, pale waliposhona panaweza kuvuja, damu inaweza kuganda miguuni ikapanda mapafuni, kiungulia, halafu vitamini nameza maisha yote na mimba nisubiri kama mwaka na nusu. Hapo kwenye kuvuja ndo usingizi ulinikata. Ila kasema pia kukaa hivi na presha nako ni hatari, sio kwamba nikikataa ndo nimepona.

Lile puto wanaloweka ndani ya tumbo hospitali ya Mloganzila ili ule kidogo nalo nimeliwaza, tatizo linatolewa baada ya miezi kadhaa, naogopa kurudi palepale.

Mliofanyiwa au mna ndugu kafanyiwa, wiki za kwanza zilikuwaje? Niulize nini kabla sijasaini? Na nikimuuliza daktari kashafanya wangapi si ataona namdharau? Mama mkwe hajui na asijue kabisa, yule hata mafua tu anaita kisomo.