Kola ya shati: stendi inapelea na nyuma inapanda

Swali
Wakuu, nachora kiolezo cha kola ya vipande viwili, stendi (ukanda unaosimama shingoni) na kola yenyewe inayokunjwa juu yake. Shingo nimeipima ukingoni nikapata sm 36, lakini stendi haifiki mbele. Halafu kola inapanda nyuma, mshono wa stendi unaonekana. Nakosea wapi?

Jibu 1
Umepima ukingo wa mkasi, yaani pale kitambaa kilipokatwa. Pima mstari wa mshono. Ukiacha sm 1 ya mshono, mstari huo unazidi ukingo kwa sm 5 hadi 6 shingo nzima, ndiyo maana stendi inapelea. Unganisha vipande begani, simamisha futi ya kamba kwa ubavu wake, zungusha kutoka katikati ya nyuma hadi katikati ya mbele. Hiyo ni nusu ya shingo. Tuseme ni sm 20.5.

Stendi: sm 20.5, ongeza 1.5 ya kifungo. Kimo sm 3 nyuma, 2.5 mbele. Theluthi ya mbele inyanyue sm 1, kisha upime tena mstari wa chini. Ukizidi au kupungua, rekebisha katikati ya nyuma, usiguse mbele.

Jibu 2
Hilo la kupanda: bila shaka kola umeichora mstatili. Ukingo wa nje unapita juu ya stendi, kwa hiyo lazima uwe mrefu kuliko ule unaoshonwa. Ukiwa sawa unabana, kola inajivuta juu.

Mstari wa kola unaoshonwa kwenye stendi upandishe sm 1.5 katikati ya nyuma, ushuke taratibu hadi mbele. Kola iishie katikati ya mbele, isiingie kwenye nafasi ya kifungo. Upana wa nyuma sm 4.5: 3 za stendi na 1.5 za kufunika mshono. Urefu wa ncha ni hiari yako, sm 7 inapendeza.

Bado inapanda? Kata karatasi sehemu tatu kuanzia ukingo wa nje, usizikate hadi mwisho, acha kidogo tu upande wa stendi, kisha panua kila mkato mm 3.

Muuliza
Asante wakuu. Kola ya juu na ya chini, yaani ile inayoonekana na ile iliyofichika, zikatwe sawa?

Jibu 2
Hapana. Ya chini ipunguze mm 2 ukingo wa nje kwa popilini (kitambaa chepesi), mm 3 kwa kitenge kizito, la sivyo ncha zitajikunja juu. Kile kitambaa kigumu cha kubandika kwa pasi kisiingie kwenye mshono wa ncha, zitakuwa nene, hazigeuki vizuri.

Jibu 1
Na ujaribu kwanza kwa kipande cha marekani, kile kitambaa cha pamba cha kawaida. Karatasi haijikunji kama nguo.