Ziwa la makazi yetu hurudi kuwa kijani kila baada ya dawa: tuanzie wapi?

Mkazi wa Ukingoni

Ndugu wanajukwaa, salaam. Makazi yetu yana maziwa mawili ya kuchimbwa yaliyounganishwa kwa karavati, na yote mawili hupokea maji ya mvua yanayotiririka kutoka barabarani, mapaani na kwenye bustani za nyumba. Nilipohamia hapa watoto waliweza kuhesabu mawe ya chini kando ya gati. Leo ukizamisha mkono hadi kiwiko, kiganja hukioni. Kwa miaka mitatu mfululizo kamati ya wakazi, ambayo nami nimo, imekuwa ikiagiza salfeti ya shaba inyunyizwe kila utando wa kijani unapotanda, na kila mara maji hutakata kwa majuma machache, kisha utando hurudi, pengine mzito kuliko wa awali.

Sasa wanakamati wamegawanyika. Wapo wanaotaka dawa iongezwe, wapo wanaotaka mitambo ya kurusha maji juu iwekwe katikati ya ziwa ili kuingiza hewa, na wapo wanaosema tope lote la chini lichimbwe na kuondolewa. Ninaomba mwenye ujuzi atueleze ni ipi kati ya njia hizi itakayoliponya ziwa. Naliuliza hili kwa uchungu, kwani ziwa hili ndilo lililotufanya wengi wetu tuhamie hapa.

Mpima Maji

Ndugu Mkazi, pole kwa hali hiyo. Njia zote tatu ulizozitaja zinashughulika na kile kilichokwisha kuingia ziwani, wala hakuna hata moja inayouliza kimeingiaje, na hapo ndipo ningependa kamati yenu ianzie.

Utando huo ni mwani, na kwa jinsi unavyoueleza huenda sehemu kubwa yake ni sianobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea. Katika maziwa mengi ya maji baridi, kirutubisho kinachoamua wingi wao ni fosforasi. Jambo hili lilionyeshwa waziwazi nchini Kanada mwaka 1973, pale watafiti walioongozwa na David Schindler walipoligawa kwa pazia ziwa dogo la jimbo la Ontario linaloitwa Ziwa 226, wakatia kaboni na naitrojeni upande mmoja, na upande wa pili wakatia hivyohivyo pamoja na fosforasi. Upande uliopata fosforasi ulifunikwa na mwani, na ule mwingine haukupatwa na hali hiyo. Katika makazi kama yenu fosforasi hutoka kwenye mbolea ya bustani, nyasi zilizokatwa na kuachwa barabarani, majani yanayooza mitaroni, vinyesi vya mbwa na ndege, udongo wa viwanja vinavyojengwa, na mashimo ya maji taka yanayovuja kama yapo.

Salfeti ya shaba huua mwani, lakini mwani uliokufa huzama, huoza na kumaliza oksijeni, na fosforasi iliyokuwa mwilini mwake hurudi majini kulisha kizazi kinachofuata. Ndiyo maana mnaona utando ukirejea. Shaba yenyewe haiozi, bali hujikusanya katika tope mwaka baada ya mwaka, nayo ni sumu kwa konokono na wadudu wadogo ambao samaki huwategemea. Isitoshe, baadhi ya sianobakteria hubeba sumu inayodhuru ini, na wakiuawa wote kwa mkupuo seli zao hupasuka na kuimwaga sumu hiyo majini. Kwa hiyo utando unapokuwapo, na hasa mara tu baada ya dawa, watoto na mbwa wasiingie majini hata kidogo.

Ningeshauri mpime kwa mwaka mzima. Sahani ya Secchi, ambayo ni duara la sentimita 20 lenye robo nyeupe na nyeusi, huzamishwa kwa kamba hadi isionekane, na kina hicho huandikwa. Mkazi yeyote aliye makini anaweza kuifanya kazi hiyo kila wiki. Oksijeni ipimwe alfajiri, kila nusu mita kutoka juu hadi chini. Fosforasi ipimwe ziwani na katika mdomo wa kila mtaro mvua inaponyesha, kwa sababu mara nyingi mtaro mmoja au miwili ndiyo inayoleta sehemu kubwa ya mzigo. Ikizidi takriban mikrogramu 30 kwa lita ndani ya ziwa, msishangae kuona mwani. Najua wakazi wengi huona vipimo ni kuchelewesha kazi, lakini miaka mitatu ya dawa isiyotanguliwa na vipimo imewachelewesha zaidi.

Jirani wa Bwawa

Naunga mkono maneno ya Mpima Maji, kwa kuwa yalitukuta. Ziwa letu lilikuwa la kina kifupi, maji yake maangavu, lakini limejaa mimea ya chini ambayo wakazi waliiona kuwa uchafu. Tulikodi mkandarasi akanyunyiza dawa ya magugu ziwa zima kwa siku moja, katika wiki ya joto kali. Mimea ilioza yote kwa pamoja, oksijeni ikaisha, na siku chache baadaye tulikuta samaki wakielea alfajiri. Nilisaidia kuwaokota, na sitaisahau asubuhi ile. Hata baada ya hapo maji hayakurudi kuwa maangavu, kwa sababu mimea ile ndiyo iliyokuwa ikilishika tope lisitibuliwe na upepo na kuwanyima mwani virutubisho.

Kwa hiyo msiichukie kila mimea mnayoiona. Tangu wakati huo tumeacha ukanda wa matete, mafunjo na ndago ukingoni, usiofyekwa, wenye upana wa mita tatu hadi tano, na tumebakiza nafasi chache za kupitia kwa ajili ya wavuvi na wenye mashua. Ukingo umeacha kumomonyoka, na mabata bukini wamepungua, kwani hupenda nyasi fupi zinazofika majini. Baadhi ya wakazi walilalamika kwamba mandhari yao yamezibwa, na mazungumzo hayo yalitugharimu muda mrefu kuliko kupanda kwenyewe.

Mkazi wa Ukingoni

Nawashukuru sana. Naomba kuongeza kwamba mahali penye kina kikubwa ni takriban mita nne, na tukilitibua tope la chini hutoa harufu ya mayai yaliyooza. Je, hali hiyo haidai uchimbaji?

Mhandisi wa Mabwawa

Harufu hiyo ni ya gesi ya salfidi ya hidrojeni, nayo inaonyesha kwamba chini hakuna oksijeni. Penye oksijeni, madini ya chuma yaliyomo kwenye tope huishika fosforasi. Oksijeni ikiisha huiachia, na ziwa huanza kujilisha lenyewe hata kama mitaro ni safi. Mitambo ya kurusha maji juu haitibu jambo hilo, kwa kuwa huvuta maji ya juu ambayo tayari yana hewa. Kinachohitajika ni hewa inayopulizwa kutoka chini kabisa, tena kwa mtambo uliokadiriwa kulingana na ukubwa wa ziwa, kwani ulio dhaifu hupandisha virutubisho juu bila kumaliza ukosefu wa oksijeni.

Ipo pia shabu, ileile inayotumika kusafisha maji ya kunywa, ambayo huikamata fosforasi na kutua nayo chini. Asiitie mtu asiye mtaalamu, kwa sababu pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, ikitoka kati ya 6 na 8 alumini iliyomo katika shabu inaweza kuua samaki.

Kuhusu uchimbaji, Ziwa Washington la Seattle lilipona baada ya maji taka kuelekezwa kwingine kati ya 1963 na 1968, bila tope kuguswa, lakini lile ni ziwa la kina kirefu. Ziwa Trummen la Sweden, ambalo ni la kina kifupi kama lenu, halikupona kwa kuzuiwa maji taka peke yake. Lilipona baada ya tope lake la juu kufyonzwa mwaka 1970 na 1971. Kwa hiyo wanaotaka kuchimba huenda wana haki, ila si sasa. Chimbeni kwanza kidimbwi cha kutulizia udongo kwenye mdomo wa kila mtaro mkubwa, kinachoweza kuzolewa mara kwa mara bila kuligusa ziwa, la sivyo mtachimba tena baada ya miaka michache.

Tena, kabla ya kuchimba, pelekeni sampuli za tope maabara lipimwe shaba. Baada ya miaka mitatu ya dawa, huenda tope hilo haliwezi tena kumwagwa shambani.