Gundam ya 1979 kupitia filamu zake tatu: tupeane uzoefu

Mkongwe_Tabata

Wadau, salaam. Nimerudi kwenye Mobile Suit Gundam, katuni ya Kijapani ya vita vya maroboti makubwa yanayoendeshwa na watu, ile ya kwanza kabisa. Safari hii sikupitia mfululizo wa televisheni, nimeziangalia zile filamu tatu zilizotokana nao. Naomba kila aliyeziona aseme zilimfikiaje na zilimbadilishia nini. Mwenye mapenzi na mfululizo naye aje, tusikilizane.

Kwa wasiojua historia yake: mfululizo ulianza kurushwa Japani tarehe 7 Aprili 1979 kupitia Nagoya TV. Zilipangwa sehemu 52, zikaishia 43 mwezi Januari 1980, kwa sababu watazamaji hawakutosha na midoli ya mdhamini ilikuwa hainunuliki. Kisha yakaja marudio, Bandai wakaanza kuuza modeli za plastiki za kuunganisha katikati ya 1980, na vijana wakaupenda kwa nguvu ambayo hakuna aliyeitarajia. Filamu ya kwanza ilitoka Machi 1981, ya pili Julai mwaka huohuo, ya tatu Machi 1982. Wiki chache kabla ya ile ya kwanza, tarehe 22 Februari 1981, maelfu ya vijana walifurika nje ya kituo cha treni cha Shinjuku, Tokyo, na pale likasomwa tangazo la kuingia kwa zama mpya za anime. Kazi iliyokatwa kwa kukosa wanunuzi ilikuwa imewaleta watu barabarani baada ya mwaka mmoja na kidogo tu.

Wengi huziita filamu hizi muhtasari. Mimi sikubaliani nao. Muongozaji, Yoshiyuki Tomino, alipata nafasi ya kutoa vitu vilivyokuwamo kwa ajili ya duka la midoli. Ile mashine ya G-Armor ya kupachika na kubandua haimo kabisa, nafasi yake imechukuliwa na ndege ya vita, Core Booster. Ukifika filamu ya tatu, hata roboti la Guntank limeondoka, rubani wake Hayato anaendesha jingine, Guncannon. Kwenye televisheni kila wiki ilibidi aje adui mwenye mashine mpya, avunjwe, tulale. Filamu zimepunguza wageni hao wa wiki, na kinachobaki mbele yako ni watoto waliotupwa vitani. Amuro, rubani wa Gundam, ana miaka 15. Bright, nahodha wao anayewafokea na kuwazaba makofi, ana miaka 19! Nilipokuwa kijana nilimwona Bright mtu mzima mkali. Sasa hivi nina mpwa wa umri huo ndani ya nyumba, bado tunamkumbusha kula. Kila Bright anapotoa amri moyo wangu unashtuka.

Na lile tukio la mama. Amuro anarudi kijijini, anamkuta mama yake akiwahudumia wakimbizi. Askari wa Zeon, upande wa adui, wanaingia kukagua, mtoto amelala ana bastola chini ya blanketi, anafyatua. Mama hamtambui tena mwanawe, anamlaumu kwa alivyokuwa. Wakati wa kuagana Amuro anampigia saluti mama yake mzazi na kuondoka. Zamani niliona mama hana shukrani. Leo nawaelewa wote wawili, na hiyo ndiyo tabu yenyewe.

Karibuni.

BintiKisauni

Asante kwa uzi, kaka. Mimi niseme la filamu ya pili tu, maana ndiyo iliyonikalia.

Miharu. Wale mlioisahau: White Base, meli ya akina Amuro, wametia nanga Belfast, mwenzao Kai amechoshwa na vita anataka kuacha jeshi, ndipo anakutana na msichana anayeuza vitu mtaani. Kumbe anawapelelezea Zeon, si kwa kuwapenda, ni kwa sababu wazazi hawapo na wadogo zake wawili, Jill na Milly, wanataka kula. Kai anajua, na bado anamwachia habari za kuuza. Mwishowe Miharu anaingia kwenye meli, anaona mabomu yanavyolenga watoto wadogo kama wake, na anafia akimsaidia Kai kurusha makombora.

Nami ni kifungua mimba. Mama alipoondoka kwenda kufanya kazi Ghuba niliachiwa wadogo zangu, na ninajua mtu hufika mahali ukiambiwa pesa ipo pale, huulizi ni ya nani. Kwenye mfululizo kisa hiki kimegawanywa wiki baada ya wiki, unakionja na kukiacha. Filamu inakipitisha moja kwa moja mpaka Kai anarudi mwenyewe na kuulizwa yuko wapi mwenzake. Kai wa mwanzo, mwenye mdomo na uoga, hakuonekana tena baada ya hapo. Sijaona katuni nyingine ya maroboti inayomheshimu maskini namna hii. Haimfanyi shujaa, wala haimfanyi msaliti.

Msomaji_tu

Dada Kisauni umenitoa machozi kazini. Nafuatilia uzi.

MaskatiKwetu

Assalaam aleikum. Sisi tuliokulia Maskati, Kiswahili nyumbani na Kiarabu shuleni, roboti letu la kwanza lilikuwa Grendizer, katuni nyingine ya Kijapani. Kaka zangu wana mvi sasa, lakini ukianza wimbo ule alioimba Sami Clark kwa Kiarabu wanaumalizia wote. Duke Fleed, rubani wake, ni mwana wa mfalme, msafi wa moyo, na maadui wanatoka nyota ya Vega. Tulijua kabisa nani wa kupigwa.

Kwa hiyo nilipoiwasha filamu ya kwanza ya Gundam nilikaa nikisubiri yule mbaya. Nikaletewa Garma Zabi, kijana mpole mwenye mchumba, anayesalitiwa na Char, rafiki yake mwenyewe, kwa kisasi cha zamani cha kifamilia. Halafu baba yake, Degwin, mkuu wa hiyo Zeon tunayoambiwa ni adui, anapata habari za kifo na fimbo inamponyoka mkononi. Yeye anataka amzike mwanawe kwa utulivu. Kaka mkubwa, Gihren, anaugeuza msiba kuwa mkutano wa hadhara, anahutubia umati mpaka unapiga kelele za vita. Filamu ya kwanza inafungwa na hotuba hiyo.

Nimeona misiba ikichukuliwa kutoka mikononi mwa wafiwa. Kwenye televisheni hotuba ile iko katikati ya safari, wiki inayofuata mna jambo jingine. Filamu imeiweka mwisho, taa zinawaka ukumbini unaondoka nayo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba Tomino aliukata mfululizo akijua anachokifanya.

Na Ramba Ral! Askari wa makamo, yuko na mkewe Hamon kwenye mgahawa jangwani, wanamwona Amuro hawajui ni nani. Hamon anataka kumnunulia chakula, kijana anakataa kwa kuwa si ombaomba. Ral anamcheka kwa furaha, anampenda. Baada ya hapo wanakwenda kuuana. Mimi bado niko upande wa Ral, mnisamehe.

Mkongwe_Tabata

Wa aleikum salaam mkuu. Upande wa Ral tupo wengi.

Fundi_wa_Rangi

Nachora kwa kazi: mabango, picha za vitabu vya watoto. Nitaongelea mkono.

Aliyebuni sura za wahusika na kusimamia uchoraji ni Yoshikazu Yasuhiko. Kabla mfululizo haujaisha aliugua akalazwa hospitali, na sehemu za mwisho zinaonyesha kwamba hayupo. Sura zinayumba kutoka picha moja hadi nyingine, macho hayakai mahali pake. Watu wanajitahidi, lakini muda haupo na mwenye mkono hayupo.

Filamu ya tatu alikuwa amepona, na sehemu kubwa ya picha zikachorwa upya. Itazameni mkiwa na filamu mbili za kwanza kichwani, mtaona tofauti hata kama hamjawahi kushika penseli. Nywele za Lalah, yule msichana wa upande wa Char, zina uzito. Nguo zinakunjamana kwenye bega. Amuro anapokutana na Lalah kando ya ziwa, mvua inanyesha, yule ndege anaanguka majini, na kimya chao kinabebwa na mabega na shingo tu, bila maneno mengi. Baadaye Lalah anajitia katikati kumkinga Char na upanga wa Amuro unampata yeye. Ukishaona uso ule ulivyochorwa ziwani, kifo chake kinakuwa cha mtu unayemfahamu. Kwenye televisheni nilielewa kwamba nimetakiwa kuhuzunika. Kwenye filamu nilihuzunika.

Kuna pia ile picha ya Gundam lisilo na kichwa wala mkono wa kushoto, limeinua bunduki na kufyatua juu ndani ya ngome ya A Baoa Qu. Roboti la kuuzia watoto, limevunjwavunjwa, rubani wake ameshalishuka. Kwa jicho la mchoraji sijui picha nyingine ya zama zile inayosema mengi kiasi hicho kwa mstari mmoja wa mwanga.

Onyo kwa wanaotafuta: mwaka 2000 filamu zote tatu zilitolewa upya zikiwa na sauti zilizorekodiwa tena, milio na muziki umepangwa upya. Waigizaji wengi ni walewale, lakini walikuwa na miaka ishirini zaidi, na zile kelele za vijana waliochanganyikiwa hazipo tena. Tafuteni toleo la sauti za awali. Wimbo wa Daisuke Inoue kwenye filamu ya tatu unataka sauti ile ya kale ndiyo ukae vizuri.

Mwl_Kigoma

Niruhusuni nipingane kidogo, kwa upendo.

Mimi nilianza na filamu, nikaja kwenye mfululizo baadaye, na nawaambia filamu zinakimbia. Ile ya pili hasa. Matilda anakufa, Ryu anakufa, Miharu anakufa, hupati muda wa kukaa matanga. Kwenye mfululizo Ryu ni kaka mkubwa wa meli, yumo kila siku akiwapatanisha, kwa hiyo anapoondoka unaisikia nafasi yake mezani. Kwenye filamu yuko pembeni, halafu hayupo.

Na kuna kilichoachwa kabisa ambacho kwangu ni roho ya hadithi nzima: sehemu ya 15, kisiwa cha Cucuruz Doan. Askari wa Zeon ametoroka jeshi, anaishi kisiwani na watoto yatima, na wazazi wa watoto hao waliuawa na risasi zake mwenyewe. Anawalea akijua hivyo. Amuro anakaa nao, na mwisho analitupa baharini Zaku, roboti la Zeon, la Doan ili harufu ya vita isiendelee kuwafuata. Najua michoro ya sehemu ile ina matatizo, Zaku lenyewe limenyooka vibaya. Lakini ninafundisha watoto waliozaliwa kambini, nimewaonyesha wakubwa wao sehemu hiyo, na maswali waliyouliza hayakuhusu mchoro. Kijana mmoja aliuliza kama Doan aliwahi kuwaambia.

Fundi_wa_Rangi

Mwalimu, hapo sina la kupinga. Nakuongezea: mwaka 2022 Yasuhiko mwenyewe alikigeuza kisa hicho kuwa filamu nzima, aliiongoza yeye. Watoto wameongezwa, kisiwa kina mbuzi na mashamba, na sasa Zaku lile jembamba limechorwa hivyo makusudi, kana kwamba ni la aina yake. Alichukua kasoro ya zamani akaiheshimu. Filamu tatu zilikiruka kisa, naye akakirudia akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70.

Mwl_Kigoma

Hiyo nimeiona. Watoto wanapika, wanafua, wanagombana. Vita vinasubiri nje. Nilitamani ndiyo iwe ya nne yao.

Mtanga_Japani

Nipo huku kikazi. Nilikwenda Yokohama kabla hawajafunga mwaka 2024, pale lilipokuwa limesimamishwa Gundam la ukubwa wake kamili, mita 18, linalosogea. Kwenye skrini huwa yanaruka kama panya, unasahau. Pale lilipoanza kuinua mkono polepole, watu wote walinyamaza, wazee kwa wajukuu. Nilipotoka nilirudia dakika za mwanzo za filamu ya kwanza, Zaku zinaingia Side 7, makazi ya watu angani, watu wanakimbia mitaani, Fraw Bow anaona familia yake ikifa mbele ya macho yake. Nimeshasimama chini ya kitu chenye kimo kile. Sikuweza tena kuangalia mapigano yale kama mchezo, niliwaangalia wanaokimbia chini.

BintiKisauni

Jamani nauliza. Nimemaliza ya tatu, Amuro ametoka kwenye moto akaongozwa na wale watoto watatu mpaka kwa wenzake, nikalia nikashukuru. Sasa wanasema kuna mwendelezo wake, Zeta, na nao una filamu tatu. Nifuate filamu tena au mfululizo?

Mkongwe_Tabata

Dada, hapo nabadilisha ushauri. Zeta ni ya 1985 hadi 1986, sehemu 50. Filamu zake Tomino alizitoa 2005 na 2006, akachanganya michoro ya zamani na mipya, na utaona kabisa mshono ulipo: uso mmoja wa miaka ya themanini, unaofuata wa kompyuta. Tena hadithi yake ina watu wengi na pande nyingi, ukiikata inapoteza njia. Kwa Gundam ya kwanza filamu zilikamilisha kazi iliyokatishwa. Zeta haikukatishwa, ilisema yote iliyotaka kusema.

Anza na mfululizo. Ukiumaliza, pumzika, kwa sababu yatakayompata Kamille, kijana mhusika mkuu wake, ni mazito. Kisha itazame filamu ya tatu ya Zeta peke yake, maana pale Tomino, miaka ishirini baadaye, alimpa kijana yule mwisho mwingine. Ukifika hapo urudi utuambie upi unaukubali, wa kwanza au wa pili. Mwalimu naye najua ana neno lake juu ya hilo.