Uwanja wa wazi wa mtaa: tuombe ruzuku ya wafadhili au tuuache ulivyo?

Mlezi wa netiboli, Ilala

Ndugu zangu, naileta hoja hii kwenu kwa sababu kwenye mkutano wa mtaa tulikatana kauli mpaka mwenyekiti akafunga kikao kabla ya wakati. Tuna eneo la wazi lenye miembe mitatu, magoli mawili ya miti na kipande cha vumbi ambacho wasichana wangu wanachezea netiboli. Pete ya goli ni nondo iliyokunjwa na fundi wa kuchomelea, tumeifunga kwenye nguzo kwa waya. Mwezi uliopita waya ulikatika wakati mtoto anaruka kudaka, pete ikamshukia begani. Mfupa haukuvunjika, ila mama yake hajamruhusu kurudi mazoezini, na simlaumu.

Baada ya hapo ndipo likaja wazo la kuandaa andiko na kulipeleka kwenye ubalozi mmoja unaotoa ruzuku ndogo za jamii. Tunataka uwanja wa sakafu ngumu wa netiboli na kikapu, bembea za watoto, choo, taa, na mabenchi chini ya miembe. Nusu ya mkutano ikasema tuwahi dirisha la maombi kabla halijafungwa. Nusu nyingine ikasema fedha ya mfadhili ndiyo mwanzo wa kunyang'anywa uwanja.

Mimi nasema tuombe. Halmashauri ikikusanya mapato yake ya ndani, asilimia 10 inakwenda kisheria kwenye mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, na iliyobaki inasubiriwa na madarasa, zahanati, barabara na mitaro. Yote ni ya lazima. Bembea itafikiwa lini kwenye foleni hiyo? Wakati tunasubiri, watoto wanacheza rede barabarani, bodaboda zinapita katikati yao. Siwezi kumwambia mtoto wa miaka 11 avumilie mpaka bajeti ya mwaka wake wa 20.

Ila kuna jambo linaninyima usingizi hata mimi ninayeunga mkono. Taa ikiungua mwaka wa tatu, nani atainunua? Naomba mnisaidie hapo.

Mzee mstaafu, idara ya bustani

Mwanangu, pole kwa huyo mtoto, mfikishie salamu mama yake. Mimi niko upande wa waliokataa, na sikatai kwa ukaidi. Nimefanya kazi ya bustani za mji miaka mingi, mji wenyewe sitautaja. Tuliletewa mradi kama huo mnaoutaka. Siku ya makabidhiano kulikuwa na mahema, ngoma, utepe, na bango lenye nembo mbili. Watoto walipanda bembea mpaka jua likazama. Miezi minane baadaye mnyororo wa bembea ya kwanza ulikatwa usiku, ukaenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Nikaandika dokezo kuomba mnyororo mpya. Jibu: hakuna kifungu cha bajeti. Mwaka wa fedha uliofuata nikaandika tena. Hakuna kifungu. Ile bembea ikabaki miguu minne ya bomba, na watoto wakawa wananing'inia kwenye hayo mabomba.

Hapo ndipo watu wanapokosea hesabu. Ruzuku nyingi za aina hii ni za kujenga tu. Japani, kwa mfano, kwenye ruzuku zake za miradi midogo ya jamii hailipi mishahara wala gharama za uendeshaji, na inataka mwombaji aonyeshe atakavyoendesha mwenyewe. Ni sharti la haki kabisa. Sisi tunalijibu kwa sentensi moja kwenye andiko, "jamii itasimamia", halafu hiyo jamii haina jina, haina akaunti, haina hata ufunguo wa choo.

Kinachofuata nakijua. Vitu vikishachakaa anakuja mtu na mkataba wa ukarabati. Anaweka uzio, anaweka geti, anaweka kiingilio. Jumamosi panakodishwa kwa harusi. Mtoto aliyekuwa anaingia bure kwenye vumbi anabaki kuchungulia kwenye matundu ya uzio. Afadhali vumbi.

Kocha wa kikapu, Kariakoo

Shikamoo mzee. Nimekusoma kwa heshima, na hiyo habari ya mnyororo naiamini neno kwa neno. Lakini "afadhali vumbi" siwezi kuikubali.

Nenda Kidongo Chekundu, jirani na Mnazi Mmoja. Kituo cha michezo cha vijana chenye jina la Jakaya Mrisho Kikwete kilifunguliwa pale Oktoba 2015, naye mwenyewe bado akiwa Rais. Waliokijenga ni Symbion Power, kampuni ya umeme ya Kimarekani, wakishirikiana na klabu ya Sunderland ya Uingereza. Sasa tazama yaliyowapata wafadhili wenyewe. Symbion iliingia kwenye mgogoro mrefu wa mkataba na TANESCO. Sunderland ilishuka daraja 2017, ikashuka tena 2018. Viwanja havikushuka nao. Nimewaona pale vijana walioingia hawajui kudunda mpira kwa mkono wa kushoto, leo wanacheza ligi. Hao wangeambiwa wasubiri kifungu?

Nadhani mzee umeeleza ugonjwa halisi, ila dawa yake si kukataa fedha. Uwanja wenye ratiba una wenyewe. Alfajiri wakimbiaji, saa kumi jioni watoto, saa mbili usiku timu za watu wazima zinazochangia umeme. Mnyororo huibiwa mahali ambapo usiku hapana mtu. Kwenye andiko lenu taa itangulie, bembea ifuate.

Mkazi wa zamani wa bondeni, Jangwani

Naomba niseme kidogo. Tusichanganye ruzuku na mkopo. Bonde la Msimbazi lina mradi mkubwa wa kudhibiti mafuriko, na bustani ya jiji imo kwenye mpango wake. Fedha yake kubwa ni mkopo wa Benki ya Dunia, dola milioni 200, uliopitishwa 2022. Uholanzi imetia ruzuku, Hispania imetia mkopo mwingine. Watu wanaita yote "fedha za wafadhili". Mkopo utalipwa na hao hao watoto mnaowatafutia bembea, kwa hiyo ni fedha yao.

Mimi nimezaliwa bondeni. Nimebeba godoro kichwani maji yakiwa kiunoni, zaidi ya mara moja. Hata karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa pale imefurika mara kadhaa, kwa hiyo silipingi wazo la kuliacha bonde liwe bustani na maji yapate njia. Nyumba zetu zilihesabiwa, zikawekewa alama ukutani, tukaondoka. Ninachotaka ni hiki tu: siku bustani ikifunguliwa nimlete mjukuu wangu nimwonyeshe jiko la bibi yake lilipokuwa, na mlangoni asidaiwe hata senti. Hilo liandikwe sasa hivi, kabla nyasi hazijapandwa.

Mama wa Malindi, Unguja

Nyinyi wa bara mnaogopa geti, na mna haki. Sisi bustani yetu ya Forodhani iliporekebishwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni tulihofu vivyo hivyo. Kazi ilianza 2008, wachuuzi wakahamishwa, watu wakasema basi tena, itakuwa ya watalii hii. Ikafunguliwa Julai 2009. Ukuta wa bahari umetengenezwa, miti imebaki, watoto wana pahala pa kuchezea, na wachuuzi wa mishikaki na urojo wamerudi na meza zao. Jioni nakwenda na wajukuu, nakaa, sidaiwi kitu. Vijana wanajitosa baharini kutoka ukutani kama walivyokuwa wakijitosa kaka zangu.

Kwa macho yangu, waliookoa pale ni wale wanaopika. Anayetafuta riziki yake pahala haachi taka zijae wala taa zizimike, maana hatouza. Mwanangu wa netiboli, mna mama lishe kwenye huo uwanja wenu? Muwatie kwenye mpango toka mwanzo, msije mkawafukuza kwa jina la usafi.

Msomaji wa Nairobi

Hapa kwetu bustani iliponea chupuchupu, na pesa za nje ndizo zingeimaliza. Mwaka 1989 chama tawala kilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 la Kenya Times ndani ya Uhuru Park, kwa pesa ambazo nyingi zingekopwa ng'ambo. Wangari Maathai aliandika barua kila mahali, hadi kwa wakubwa wa nchi za nje. Alitukanwa bungeni. Mwishowe wenye pesa walijiondoa na mradi ukafa.

Kwa hivyo mimi siulizi kama pesa ni ya mzungu au ya kaunti. Nauliza: hiyo ardhi imeandikwa nini kwenye ramani, na nani ana karatasi yake? Kama mtaa hauna jibu, msijenge chochote. Uwanja ukipendeza, wanaoumezea mate wanaongezeka.

Mtanzania, Columbus, Ohio

Habari za huko nyumbani. Ningependa kuongeza kitu nilichojifunza huku, maana watu hudhani kuomba ruzuku ni mambo ya maskini. Marekani miji, hata yenye uwezo, huomba ruzuku kwa ajili ya bustani zake kila mwaka. Kuna mfuko wa serikali kuu ulioanzishwa kwa sheria ya 1964, fedha zake nyingi zinatokana na uchimbaji wa mafuta na gesi baharini. Mfuko hutoa hadi nusu ya gharama na mji hutafuta nusu yake. Lakini sikilizeni sharti: ardhi iliyoguswa na ruzuku hiyo lazima ibaki ya burudani kwa umma daima. Mji ukitaka kuigeuza matumizi, lazima upate idhini ya serikali kuu na ulete ardhi nyingine yenye thamani inayolingana na inayowafaa watu vilevile.

Nilipoelezwa hilo kwenye mkutano wa wakazi hapa mtaani kwangu nilikaa kimya muda mrefu, nikikumbuka uwanja niliochezea chandimu utotoni, ambao leo ni maghala. Ruzuku ile wao wameifanya kufuli. Mfadhili wenu mwombeni na kufuli.

Na jingine. Msijenge tumaini lote kwa nchi moja. Mliona wenyewe Januari 2025 misaada ya Marekani ilivyositishwa ghafla, miradi ikasimama katikati. Andiko lenu liwe na hatua ambazo kila moja inasimama peke yake: hata mkipata fedha ya sakafu tu, watoto wacheze.

Mlezi wa netiboli, Ilala

Shikamoo mzee, shikamoo mama wa Malindi. Nimesoma yote, mengine mara mbili, na leo asubuhi nimekwenda ofisi ya mtaa na daftari. Nilikuta kwamba kwenye mchoro wa mipango miji eneo letu limeandikwa ni la wazi, ila hakuna aliyewahi kuomba lipimwe na kuwekewa mawe ya mpaka. Kaka wa Nairobi, swali lako limenitoa jasho. Kwa hiyo hilo ndilo la kwanza: upimaji kabla ya andiko, hata kama dirisha la mwaka huu litatupita. Najua wenzangu watanung'unika. Kitaniuma na mimi, kwa sababu wasichana wangu wanakua, na mwaka mmoja kwao ni mrefu. Lakini sitaki kujenga juu ya ardhi ambayo kesho mtu atakuja na hati yake.

Bado nasema tuombe. Kwenye andiko nataka iandikwe kwamba kuingia ni bure siku zote, na kwamba eneo lisibadilishwe matumizi, na mfadhili, halmashauri na mtaa wote watie sahihi chini ya maneno hayo. Mfadhili akiyakataa, tutajua alichokuwa anataka. Kocha, kwenye orodha ya andiko nimeitanguliza taa kabla ya bembea. Mama wa Malindi, mama lishe wetu ni wawili, mmoja wa maandazi na mmoja wa ugali, nimewaandika kwenye kamati, na wamekubali kukaa na ufunguo wa choo kwa zamu.

Mzee, kwako nina ombi. Ukurasa wa uendeshaji nimeuacha mtupu. Nilianza kuandika "jamii itasimamia" nikaifuta. Sijui mnyororo wa bembea hudumu miaka mingapi karibu na bahari hii yenye chumvi, sijui balbu za akiba ziwe ngapi, sijui mlinzi wa usiku anadai nini. Wewe unajua. Jumapili ijayo saa kumi tunakaa tena chini ya miembe. Njoo hata kama utakuja kupinga.

Mzee mstaafu, idara ya bustani

Marahaba mwanangu. Kiingilio bado nakiogopa, na sahihi nimeziona nyingi zikisahaulika. Lakini mtu anayeanza na upimaji siwezi kumkatalia hesabu. Nitakuja, na nakala za madokezo yangu ninazo, kila kitu kilichokufa pale kina tarehe yake.

Ila msisubiri Jumapili kwa ile pete. Waya hauhimili kitu kinachotikisika kila siku. Nina bolti mbili za nusu inchi na nati zake kwenye sanduku la vifaa. Mtume kijana aje azichukue leo.