Mafundi bomba, acheni kufukia mabomba ya bustani kabla ya kuyapima kama yanavuja!

Wakuu, salaam.

Hili la mabomba ya PVC ya kumwagilia bustani majumbani limepita kiasi. Kila mtaa unakuta kitu kilekile: ukoka uliopandwa miezi mitatu iliyopita umefukuliwa, mtaro umejaa tope, mita ya maji inazunguka usiku kucha, na fundi amechuchumaa na kopo la gundi akisema, "Bosi, hii ni jointi ndogo tu, napaka gundi hapa juu inakauka."

Haikauki. Na fundi anayesema hivyo hajui anachokishika mkononi. Gundi ya PVC haibandiki kama gundi ya viatu, inayeyusha. Inalainisha ngozi ya nje ya bomba na ngozi ya ndani ya soketi (kile kiungio kinachovikwa kwenye ncha za mabomba), zikisukumwa pamoja zinashikana na kuwa plastiki moja. Ukiipaka kwa nje juu ya ufa ulioloa maji hakuna kilichoshikana na chochote. Maji yatatoka palepale, kesho au wiki ijayo, na wakati huo udongo na ukoka vimesharudishwa juu yake. Mpira wa baiskeli nao mnaouzungushia ufa na kuufukia, huo ni wa kuvusha usiku mmoja, tena bomba likiwa wazi.

Linaloudhi kuliko yote ni la moto. Ili asinunue soketi, fundi anawasha mifuko ya saruji, anazungusha ncha ya bomba juu ya moto mpaka ilegee, anachomeka bomba jingine kuutanua mdomo, anamwagia maji, anapaka gundi, anafukia. Uangalieni huo mdomo kwa karibu. Upande mmoja umebabuka ukawa kahawia, upande wa pili ukuta umekonda kama ganda la yai. Mviringo umepotea, kwa hiyo bomba linagusa sehemu mbili tatu tu na kwingine kote gundi imeachiwa kazi ya kuziba mwanya, kazi ambayo haiiwezi. Kupinda kona kwa moto badala ya kuweka elbo ni hivyohivyo: nje panakonda, ndani panajikunja na kubana maji. Na ule moshi una hidrojeni kloridi, ikikutana na unyevu wa macho na mapafu inakuwa tindikali. Mnawaweka vijana wenu wainamie hapo.

Maduka ya vifaa nayo yana lawama. Bomba la "inchi moja" la vipimo vya zamani vya Kiingereza lina kipenyo cha nje cha kama milimita 33.5. Bomba la milimita 32 ni 32. Muuzaji anakwambia ni kitu kimoja, unachukua bomba la huku na soketi ya kule, linacheza ndani kwa milimita moja na nusu. Jaribu palepale dukani bila gundi: bomba linatakiwa liingie kwa mkono theluthi moja mpaka theluthi mbili ya kina cha soketi, kisha likaze. Likifika mwisho bila kukaza, rudisha. Lile lililopauka upande mmoja kwa kusimamishwa juani miezi mingi usilichukue, jua limeshalifanya kavu na litapasuka kwa pigo dogo. Soma maandishi ubavuni. PN ni nguvu ya maji ambayo bomba limetengenezwa kuibeba: PN 6 ni bari 6, PN 10 ni bari 10. Kwenye laini inayosukumwa na pampu chukua PN 10, kwa sababu kila koki inapofungwa ghafla maji yanagonga bomba kwa nguvu kuliko inayoonyeshwa na geji, kile kipimo cha nguvu ya maji. Bomba jeupe la kupitishia nyaya za umeme halikutengenezwa kubeba maji ya pampu, na bado linafukiwa kwenye bustani za watu.

Jointi inayoshika inataka dakika chache tu. Kata bomba kwa msumeno, mkato uwe mnyoofu, si mshazari. Toa makapi ndani na nje, kwangua ukingo wa nje kwa tupa, pitisha msasa kidogo, futa kwa kitambaa kikavu chenye kisafishio chake. Paka gundi ya kutosha kwenye bomba na nyembamba ndani ya soketi, maana ikizidi humo inasukumwa mbele na kuziba njia. Sukuma ukizungusha robo duara, shikilia sekunde 30, futa iliyobaki nje, kisha usiiguse. Maji ya nguvu ni baada ya saa 24. Gundi iliyoganda kama uji wa ulezi tupa. Ukiizimua kwa petroli au tina umeiharibu kabisa.

Mtaro uwe na kina cha sentimita 45 kwa laini kuu, 60 panapopita gari. Chini weka mchanga sentimita 10, juu ya bomba mchanga au udongo laini sentimita 15, ndipo urudishe udongo wa kawaida. Jiwe moja lililokaa ubavuni mwa bomba linatosha kuliharibu, kila gari likipita linachimba zaidi. Kwenye udongo wa mbuga, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, mchanga ni lazima. Na msifukie saa nane mchana! Laini ya mita 30 ikipoa nyuzi joto 20 inafupika kama sentimita 4, na hizo sentimita 4 zinavutwa kwenye jointi na elbo. Lilazeni likiwa limepindapinda kidogo ndani ya mtaro, fukieni asubuhi.

Sasa kwenye kukarabati, ambako ndiko pesa zetu zinakoishia. Chimba sentimita 60 kila upande wa ufa, na sentimita 15 chini ya bomba ili tope likae chini lisiingie mdomoni. Funga maji, fungua koki ya chini kabisa, bomba litoke maji yote. Kata sentimita 10 kupita mwisho wa ufa pande zote mbili, kwa sababu ufa wa PVC una mkia mwembamba usioonekana, ukiuacha unaendelea kutambaa. Kipande kipya kiwe kifupi kuliko pengo kwa milimita 2 au 3. Upande mmoja unganisha kwa soketi ya kawaida. Upande wa pili chukua soketi, toa kwa tupa kile kizuizi cha katikati, iteleze yote juu ya bomba la zamani, pima nusu ya urefu wa soketi kutoka mdomoni mwa bomba hilo na uchore alama. Paka gundi pande zote za maungio, irudishe mpaka kwenye alama kwa mwendo mmoja. Ukisita katikati inashika hapohapo na unaanza upya. Kama koki haifungi vizuri na maji yanaendelea kudondoka, usipake gundi. Rekebisha koki kwanza, au tumia kiungio cha kubana chenye mpira ndani.

Kwenye viungio vya kukaza kwa nyuzi kama skrubu: chuma dume (chenye nyuzi nje) hakiingii kwenye plastiki jike (yenye nyuzi ndani), kinaipasua. Nunua plastiki jike yenye shaba ndani. Katani na rangi ni vya mabomba ya chuma.

Na kipimo, ambacho ndicho hasa kilichonileta. Weka udongo katikati ya kila bomba ulizuie lisinyanyuke, jointi zote ziachwe WAZI. Jaza maji polepole koki ya mwisho ikiwa imefunguliwa hewa itoke, suuza mpaka mchanga na makapi ya msumeno yaishe, vinginevyo yanakwenda kuziba vitundu vya kumwagilia kwa matone. Kisha funga, pandisha nguvu ya maji ifike mara moja na nusu ya ile ya matumizi ya kawaida, geji isimame saa moja bila kushuka. Asije mtu na kompresa ya hewa: PVC ikipasuka na hewa iliyobanwa vipande vinaruka kama vya chupa. Pima kwa futi kila kona kutoka ukutani na upige picha, ijulikane bomba limepita wapi, ndipo ufukie.

Wenye nyumba, pesa ya mwisho itoke baada ya hiyo saa moja, mkiwa mmesimama pale mtaroni. Na fundi yeyote anayeona haya ni maneno ya watu wasioshika msumeno, aweke hapa chini picha ya mtaro wake ukiwa wazi, jointi zinaonekana, na geji imesimama.