Ngoma inayojirudia inatoa mlio na kuachana na besi

Swali: Wakuu, naomba msaada. Nimerekodi ngoma kwa maikrofoni na kukata kipande cha mapigo 16 katika Ableton Live (programu ya kutengeneza muziki), ili kijirudie chini ya wimbo wenye kasi ya mapigo 96 kwa dakika. Kila kinaporudi mwanzo unasikika mlio mfupi mkali, na baada ya muda ngoma inaachana na besi. Tatizo liko wapi?

Jibu la 1: Mkuu, hayo ni matatizo mawili. Mlio hutokea pale kimo cha wimbi mwishoni mwa kipande kinapotofautiana na kile cha mwanzoni, hata sauti ikalazimika kuruka ghafla. Kuza picha ya wimbi, ukate linapovuka mstari wa sifuri pande zote mbili, au uweke fedi, yaani sauti ipande au ishuke taratibu, ya milisekunde chache. Fedi ya mwanzoni usiirefushe, kwa sababu itaua kishindo cha pigo la kwanza, na kishindo ndicho uhai wa ngoma.

Jibu la 2: Kuhusu kuachana, piga hesabu. Kwa kasi hiyo pigo moja huchukua sekunde 0.625, kwa hiyo mapigo 16 ni sekunde 10 kamili. Kipande cha sekunde 10.02 kikijirudia mara 10 kitakuwa kimechelewa kwa sekunde 0.2, karibu theluthi ya pigo. Washa Warp (kinachonyoosha au kubana sauti ifuate kasi ya wimbo), weka alama kwenye pigo la kwanza na la mwisho, kisha chagua hali ya Beats, inayofaa sauti za kugongwa.

Muuliza swali: Na mwangwi unaokatwa mwishoni?

Jibu la 2: Mkia wake uweke kwenye traki nyingine, uanzie pale kipande kinaporudi mwanzo.