Anayefanya kazi kwa zamu ajijengee vipi desturi ya kusoma Neno, kuomba na kushukuru kila siku?

Muuguzi wa Dodoma aliuliza:

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mimi ni muuguzi katika wodi ya wagonjwa mahututi, ni mke, na ni mama wa watoto wawili walio shule ya msingi. Ratiba yangu hubadilika kila wiki. Kuna zamu ya asubuhi, kuna ya mchana, na kuna ya usiku ambayo hunirudisha nyumbani watoto wakiwa wameshakwenda shule. Karibu mafundisho yote niliyoyasikia kuhusu muda wa faragha na Mungu huanza na alfajiri: amka saa kumi na moja, tafuta mahali penye utulivu, soma, omba. Nayaheshimu mafundisho hayo, kwa kuwa Bwana wetu mwenyewe aliondoka alfajiri na mapema sana, akaenda mahali pasipokuwa na watu, akaomba huko, kama tusomavyo katika Marko 1:35. Lakini mtu ambaye alfajiri humkuta akipima presha za wagonjwa na kuandaa ripoti ya kukabidhi zamu, afanyeje?

Jambo jingine ni mpango wa kusoma Biblia nzima kwa mwaka mmoja, ambao kanisani kwetu hugawiwa kila Januari. Mpango huo una tarehe, na wiki moja ya zamu za usiku yatosha kumwacha mtu nyuma kwa sura nyingi, hata ikifika siku ya mapumziko anasoma kwa haraka ili afidie na hakumbuki alichokisoma. Ningependa kujua kama kuna njia iliyo bora zaidi.

La mwisho ndilo zito kwangu. Tumeagizwa kushukuru kwa kila jambo (1 Wathesalonike 5:18). Zipo asubuhi ninazotoka wodini baada ya kumfunika mgonjwa tuliyempigania usiku kucha. Nataka kushukuru kwa moyo wa kweli, wala si kwa maneno ya mazoea. Naombeni mwongozo.

Mzee wa Kanisa, Mbeya, alijibu:

Dada yangu, amani ya Bwana iwe nawe, na Mungu akubariki kwa kazi ya mikono yako.

Mimi ni Mmoraviani, na historia ya kanisa letu ina neno la moja kwa moja kwa mtu wa zamu. Mwezi Agosti mwaka 1727, ndugu wa Herrnhut huko Ujerumani walianza maombi ya mfululizo: wanaume 24 na wanawake 24 waligawana saa zote za siku, kila mmoja na saa yake, na maombi hayo yaliendelea kwa zaidi ya miaka 100. Tafakari maana yake. Ili maombi yasikatike, ilikuwa lazima mtu fulani apewe saa nane ya usiku na mwingine saa tisa ya mchana, na hakuna aliyehesabiwa kuwa na saa duni kwa sababu haikuwa alfajiri. Kwa hiyo usiichukulie zamu yako kama kizuizi cha maombi. Iulize tu: katika wiki hii, saa yangu ni ipi?

Mwaka uliofuata, 1728, Zinzendorf, kabaila aliyekuwa kiongozi wao, alianza kuwapa waumini wa Herrnhut mstari mmoja wa Maandiko kwa siku, nao ukapelekwa nyumba kwa nyumba, na kuanzia mwaka 1731 mistari ya mwaka mzima ikachapwa kitabu. Desturi hiyo ingali hai hadi leo katika lugha nyingi. Kila siku ina mstari mmoja wa Agano la Kale unaopatikana kwa kura, na mmoja wa Agano Jipya unaochaguliwa ili uende pamoja nao. Wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891 walitoka katika kanisa lenye malezi hayo. Naueleza mpango huu kwa sababu kwa siku ya kazi nzito unatosha kabisa: mistari miwili, iliyosomwa polepole kabla ya kuvaa sare, yaweza kukaa nawe saa zote za zamu.

Na kuhusu kufidia sura zilizokupita, ushauri wangu ni mmoja tu: usifidie. Wana wa Israeli walipopewa mana jangwani, waliagizwa kuokota sehemu ya siku kwa siku yake, na waliobakiza mpaka asubuhi waliikuta imeingia mabuu (Kutoka 16). Siku ikikupita, soma somo la leo. Hayo yaliyopita utakutana nayo tena, kwa kuwa Biblia haisomwi mara moja maishani ikafungwa.

Mwalimu wa Shule ya Jumapili alijibu:

Nakubaliana na Mzee kwa sehemu kubwa, ila ningependa kuweka uzito upande mwingine pia. Mstari mmoja kwa siku ni chakula cha siku ya dharura. Mkristo asiyesoma kwa mfululizo, kitabu baada ya kitabu, huishia kujua mistari mingi pasipo kujua nani aliisema, akimwambia nani na katika hali gani. Nimefundisha vijana wanaoikariri Yeremia 29:11 vizuri sana, na ambao hawajapata kusoma kwamba barua hiyo iliandikwa kwa watu waliohamishwa Babeli na kuambiwa wajenge nyumba huko, kwa kuwa wangekaa miaka sabini. Faraja ya mstari ule ni kubwa zaidi kwa anayejua hayo.

Mpango wa mwaka mmoja unaojulikana sana duniani uliandikwa mwaka 1842 na Robert Murray M'Cheyne, mchungaji kijana wa Dundee, Scotland, kwa ajili ya washirika wake. Una sura nne kwa siku, mbili za kusomwa na familia na mbili za faragha, na kwa mwaka humpitisha msomaji katika Agano la Kale mara moja, na Agano Jipya na Zaburi mara mbili. Kinachonigusa ni kwamba yeye mwenyewe alitanguliza onyo juu ya hatari za mpango wake: kusoma kwa desturi tupu, kujihesabia haki kwa sababu umemaliza sehemu yako, kusoma bila uangalifu, na mpango kugeuka nira nzito isiyobebeka. Kama mwandishi wa mpango aliziona hatari hizo, basi kuupunguza si uasi. Wako wengi wanaosoma sura mbili badala ya nne na kutumia miaka miwili.

Kwa hali yako, dada, napendekeza uanze na Agano Jipya peke yake. Lina sura 260, na mwaka una majuma 52, kwa hiyo sura tano kwa juma zinalimaliza kwa mwaka mmoja. Uzuri wa hesabu hiyo ni kwamba kila juma lina siku mbili zisizodaiwa kitu. Usiandike tarehe popote. Weka alama ya kitambaa au karatasi ulipoishia, na ukirudi anzia hapo, iwe ni kesho au keshokutwa.

Niongeze neno kuhusu namna desturi inavyojengeka. Watafiti wa chuo kikuu cha University College London (UCL), Uingereza, wakiongozwa na Phillippa Lally, waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijizoeza jambo moja jipya kila siku kwa wiki 12. Kwa makadirio yao, muda wa kati uliohitajika ili jambo lifanyike bila kujisukuma ulikuwa siku 66, lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno, kuanzia siku 18 hadi 254. Mambo mawili yanakuhusu. Kukosa siku moja hakukuharibu kazi iliyokwisha kufanyika. Na tena, jambo jipya lilifungamanishwa na tukio, kwa mfano baada ya kifungua kinywa, badala ya saa fulani ya ukutani. Saa zako hubadilika, lakini matukio yako hayabadiliki sana: kila zamu ina kuvaa sare, ina safari ya kwenda, ina kunawa mikono na kuvua viatu ukifika nyumbani. Funga usomaji kwenye mojawapo ya hayo.

Muuguzi wa Dodoma aliandika tena:

Nawashukuru sana. Suala la kufunga usomaji kwenye tukio limenifungua macho, kwa kuwa iwe ni saa mbili usiku au saa mbili asubuhi, sina siku ninayolala bila kuoga kwanza na kuketi kitandani kwa muda kidogo. Ila mmenijibu zaidi kuhusu kusoma. Swali langu la shukrani bado lipo.

Katekista, Bukoba, alijibu:

Tumsifu Yesu Kristo, dada.

Nimesoma swali lako mara kadhaa kabla ya kuandika, kwa sababu halistahili jibu la haraka. Nianze na hili: Maandiko hayakulazimishi kuanza na shukrani. Ndani ya Zaburi 150 tulizo nazo, nyingi ni maombolezo. Zaburi ya 13 inaanza kwa kuuliza, “Ee Bwana, hata lini?” na inafika kwenye wimbo katika mistari ya mwisho tu. Zaburi ya 88 haifiki hata huko, inamalizikia gizani, na bado Kanisa limeisali karne zote kama sala halali mbele za Mungu. Asubuhi ya kumfunika mgonjwa, sali ya 88 bila hofu. Kumwambia Mungu ukweli ni ibada.

Halafu tazama namna Danieli alivyoshukuru. Katika sura ya sita, mstari wa kumi, amekwisha kujua kwamba amri imetiwa sahihi na kwamba atakayeomba atatupwa katika tundu la simba. Akapiga magoti mara tatu kwa siku, akasali, akashukuru mbele za Mungu wake, kama alivyokuwa akifanya tokea hapo. Sidhani aliishukuru ile amri. Alimshukuru Mungu ambaye amri ile haikuweza kumwondoa. Nawe hudaiwi kushukuru kwa ajili ya kifo. Waweza kushukuru kwamba mtu yule hakufa peke yake, kwamba kulikuwa na mkono ulioshika wake, kwamba dawa ya maumivu ilikuwepo, kwamba mwenzako wa zamu alikusaidia kuwaita ndugu zake. Hizo ni fadhili za kweli zilizotokea usiku uleule, na zisipotajwa kwa majina huzuni huzimeza. Zaburi 103 inaiambia nafsi isizisahau fadhili zake zote, na fadhili husahaulika kwa urahisi zaidi usiku mgumu.

Katika kanisa letu tuna njia ya zamani inayosaidia sana hapa, ambayo Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliipanga katika karne ya 16. Mwisho wa siku, kabla ya kuangalia makosa yako, kwanza unamshukuru Mungu kwa mema uliyoyapokea. Kisha unaomba neema ya kujiona ilivyo kweli, unaipitia siku saa kwa saa, unaomba msamaha, na unakusudia kurekebisha kwa msaada wake. Mpangilio huo una busara kubwa kwa watu wa kazi yako, maana muuguzi aliyechoka akianza na makosa atabaki kwenye makosa: ningaliita daktari mapema, ningaliongeza hiki, ningalifanya kile. Inyasi anamketisha kwanza mbele ya wema wa Mungu, ndipo anamruhusu ajichunguze.

Kwa vitendo, uwe na daftari dogo. Andika neema tatu za zamu hiyo, na ziwe mahususi. “Asante kwa uhai” ni sala njema, lakini ikiandikwa kila siku mkono huiandika bila moyo. “Asante kwa mtoto wa kitanda cha pembeni aliyekunywa uji leo” haiwezi kuandikwa kwa mazoea, kwa kuwa kesho haitakuwa hivyo tena. Usiandike majina ya wagonjwa, hilo unalijua kuliko mimi.

Na kama siku moja huna nguvu hata ya kushika kalamu, Wakristo wa kwanza walikuachia njia. Kitabu kiitwacho Didake, miongoni mwa maandiko ya kale kabisa ya Kanisa nje ya Biblia, kinaagiza Baba Yetu isaliwe mara tatu kwa siku. Kunawa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa kunakupa nafasi ya kutosha kwa nusu yake. Ukilala asubuhi baada ya zamu ya usiku, chukua wimbo wa Simeoni, Luka 2:29–32, ambao sisi huusali kabla ya kulala. Na ukiwa unaingia zamu hiyo, kuna Zaburi ya 134, yenye mistari mitatu tu, inayowataja watumishi wa Bwana wanaosimama usiku.

Muuguzi wa Dodoma aliandika tena:

Katekista, sikujua kabisa kwamba ipo zaburi ya watu wa usiku. Nimeifungua nikiwa hapa kwenye chumba cha wauguzi na nimewasomea wenzangu wawili, mmoja ameinakili mkononi.

Nitafanya hivi. Sura moja ya Agano Jipya nikiisha kuoga, kabla ya kulala, iwe ni usiku au asubuhi, mara tano kwa juma na bila tarehe. Zaburi 134 nikiingia zamu ya usiku, na daftari la neema tatu nikitoka. Jambo moja ningependa kuuliza kabla sijaanza. Mume wangu anataka tusome pamoja na watoto kila Jumapili jioni ambayo sina zamu. Je, tuwasomee sura ileile niliyofikia mimi, au kitabu kingine?

Mwalimu wa Shule ya Jumapili alijibu:

Dada, wasomeeni kitabu kingine. Sura uliyofikia yaweza kuwa katikati ya Waraka kwa Warumi, na watoto wa umri huo watachoka mapema. Chukueni Injili ya Marko, ambayo ni fupi kuliko zote nne, sura 16, na ina matukio yanayokwenda kwa kasi. Nusu sura kwa Jumapili inatosha. Mwachieni mtoto mkubwa asome kwa sauti na mdogo aseme jambo moja la kumshukuru Mungu, naye baba afunge kwa sala. Jumapili ambazo uko kazini, baba aendelee nao bila kukusubiri, kisha watoto wenyewe wakusimulie walipofikia.